Pima Kwanza, Ndipo Ufungue Stata

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kifaa kinachokaa chini, ubavuni mwa injini, pale injini inapokutana na gia boksi. Kifaa hicho ni stata. Mwenye gari haikumbuki kabisa stata mpaka asubuhi anapozungusha ufunguo, gari likanyamaza, watoto wa mtaani wakaitwa kusukuma.

Nimeichagua stata kwa sababu huku kwetu Tanga watu wanayafufua magari ya zamani, hasa Land Rover, na fedha nyingi zinapotelea kwenye stata ambazo hazikuwa na kosa lolote. Stata inabadilishwa, gari haliwaki. Inaletwa nyingine, gari haliwaki. Mwishowe inabainika kwamba kilichokuwa kibovu ni waya wa bodi ulioliwa na kutu. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuza spea, na muuza spea anasema mali ikishatoka dukani hairudi. Mimi leo nitasema kwamba mzizi wa hasara hiyo hauko gereji wala dukani. Uko kwetu wenye magari, kwa namna tunavyomlipa fundi.

Tuanze na gari lenyewe. Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1948 mjini Amsterdam, Uholanzi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu, na Uingereza chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgawo. Watengenezaji wakaamua bodi liwe la mchanganyiko wa aluminiamu, chesisi ibaki ya chuma. Uamuzi huo wa shida ndio uliotuachia magari haya mpaka leo. Bodi la aluminiamu haliozi kama bati la chuma, na ndiyo maana unaweza kukuta Land Rover imelala chini ya mwembe miaka na miaka, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na bado bodi linasimama. Kinachooza zaidi ni chesisi. Kwa hiyo anayetaka kufufua gari la namna hiyo huanza kwa kulala chini na kugonga chesisi kwa nyundo, asikilize palipooza.

Na mkoa wetu wa Tanga ulikuwa na kila sababu ya kuyapokea magari haya. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukatawala ardhi kuanzia pwani hadi Korogwe na kupita. Meneja wa shamba alihitaji gari la kuzunguka mashamba. Misheni zilihitaji gari la kupanda milimani Usambara. Bwana shamba na bwana afya wa serikali nao walihitaji gari la kufika vijijini Handeni, wakati lami ilikuwa hadithi. Land Rover za aina ya Series III, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ndizo nyingi kati ya hizi zinazofufuliwa sasa. Na mapenzi ya magari haya hayako Tanga peke yake. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover, kuukuu na mpya, zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao, zikapita barabarani kwa msafara.

Wenzetu wa Marekani nao wana mapenzi yao. Wao wanayafufua magari yao ya misuli ya miaka ya 1960. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitoa gari lililoitwa GTO, lenye injini ya V8 iliyotoa nguvu farasi 325, na mwaka huohuo Ford wakatoa Mustang. Land Rover Series III ya petroli ina injini ya lita mbili na robo, na nguvu farasi zake ni kama 70 tu. Kwa mbio haina lake. Nguvu yake iko katika gia za chini. Ipakie magunia ya mahindi au machungwa, uitie kwenye matope ya masika, ndipo utakapoiona.

Hata maradhi ya stata yanatofautiana. Katika magari ya V8 ya Marekani adui mkubwa ni joto. Stata imebanwa karibu na mabomba ya eksozi, inachemka, waya wake wa shaba unaongeza ukinzani, na mtu aliyesimama dakika tano kujaza mafuta anakuta gari halitaki kuwaka mpaka lipoe. Huku kwetu adui ni vumbi, matope na maji. Waliounda Land Rover walilijua hilo. Chini ya nyumba ya flaiwili waliacha tundu lenye boliti ya kuziba. Ukitaka kuvuka mto unaifunga ili maji yasiingie. Ukishavuka unaifungua ili oili na unyevu vitoke. Katika magari mengi boliti hiyo ilipotea zamani, au ilikazwa ikasahaulika, na matope na oili vikajikusanya humo ndani, jirani kabisa na stata.

Sasa stata inafanya nini? Injini haiwezi kujiwasha. Lazima kitu fulani kiizungushe kwanza, ivute hewa na mafuta, ibane, plagi zitoe cheche, ndipo iendelee yenyewe. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkono. Dereva aliingiza hendeli kwa mbele akazungusha. Injini ikiwaka mapema kuliko inavyotakiwa, hendeli inarudi nyuma kwa nguvu, na wapo waliovunjika mikono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Kabla ya hapo Kettering alikuwa katika kampuni ya mashine za kuhesabia fedha dukani, na huko aliwahi kuunda mota ndogo ya kuendesha mashine hizo. Alitambua jambo ambalo wengi hawakuliona. Mota inayofanya kazi kwa sekunde chache tu inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko ule ambao ingeubeba kutwa nzima, maana itapumzika kabla haijaungua.

Msikilizaji, shika hapo. Stata ni mota ndogo inayobebeshwa mzigo mzito kwa makusudi, kwa sharti la kupumzishwa. Anayeng'ang'ania ufunguo nusu dakika nzima, tena na tena, amevunja sharti hilo, na stata itaungua hata ikiwa mpya. Sekunde kumi zinatosha. Gari lisipowaka, achia, subiri dakika moja au mbili, na ujiulize kwa nini haliwaki. Huenda petroli haifiki kwenye kabureta, huenda plagi zimelowa. Stata haitibu mambo hayo.

Katika Land Rover nyingi za petroli za zamani stata ni ya aina rahisi. Ukizungusha ufunguo, solenoidi iliyo mbali na stata inafungua njia, umeme mwingi unaingia, mota inazunguka kwa ghafla, na ule mshtuko wa kuzunguka unairusha bendeksi, ile gia ndogo ya stata, mbele ikamate meno ya flaiwili. Injini ikiwaka, meno yanairudisha bendeksi nyumbani kwake. Bendeksi ya namna hii inataka kuwa safi na kavu. Mtu akiipaka grisi akidhani anaisaidia, grisi inakamata vumbi, vumbi linageuka udongo, na bendeksi inashindwa kuruka. Dawa yake ni kuiosha kwa mafuta ya taa na kuiacha ikauke. Na ikitokea imekwama kwenye meno, usikimbilie nyundo. Stata nyingi za kampuni ya Lucas za wakati huo zina ncha ya mraba nyuma ya shafti, chini ya kifuniko kidogo. Unaishika kwa spana, unazungusha, bendeksi inaachia.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Gari limegoma, na mwenye gari amefika gereji. Maneno yake ya kwanza ni haya: “Fundi, stata imekufa. Nitafutie nyingine.” Fundi akiuliza, “Umepima, mzee?” anajibiwa, “Nipime nini? Taa zinawaka, honi inalia, betri ni nzima. Wewe niambie bei ya stata.”

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Balbu ya taa kubwa inakula kama ampea tano hivi. Stata inakula zaidi ya ampea mia moja, na injini ikiwa nzito inapanda juu zaidi. Njia ya umeme yenye kutu inaweza kupitisha ampea tano bila taabu yoyote, taa zikang'aa, lakini ukiitaka ipitishe mia moja na hamsini inashindwa. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba betri na waya wake ni wazima.

Ushahidi unapatikana kwa mita ya kupimia volti, na mita ya kawaida si kitu cha gharama kubwa. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, inasoma kama 12.6. Ikisoma 12 kamili au chini ya hapo, ipeleke kwanza kwenye chaji, tuiache stata. Kisha mtu mmoja azungushe ufunguo na mwingine asome mita. Wakati stata inavuta, volti zisianguke sana chini ya 10. Zikianguka, ama betri imechoka, ama stata imekwama na inakula umeme kupita kiasi.

Kipimo kinachosahauliwa zaidi ni cha upande wa bodi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha betri kilichoungwa na bodi, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu zungusha ufunguo. Mita isizidi nusu volti. Ikionyesha volti mbili au tatu, umeme unapotelea kwenye waya wa bodi, na hata ukileta stata kutoka Uingereza haitazunguka. Katika magari haya ya zamani waya huo ndio wa kwanza kutiliwa shaka. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na chesisi, kwa hiyo inategemea utepe mmoja wa waya kurudisha umeme. Na mara nyingi anayefufua gari huipaka chesisi rangi mpya nzuri, kisha anaufunga utepe huo juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, kaza, ndipo upake grisi juu yake kuzuia kutu.

Asiye na mita ana masikio. Ukisikia taka-taka-taka mfululizo, mara nyingi betri ni dhaifu au vichwa vyake vimeota unga. Ukisikia mlio mmoja mzito kisha kimya, na taa zikafifia, huenda stata imekwama. Ukisikia kimya kabisa na taa haziyumbi, tafuta swichi, solenoidi, au kaboni zilizokwisha. Ukiisikia stata inazunguka kwa kasi huku injini imetulia, ni bendeksi. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, tazama meno ya flaiwili. Na meno hayo hayaliki sawasawa. Injini ya silinda nne ikizimwa hupenda kusimama sehemu mbili zilezile za mzunguko wake, kwa hiyo bendeksi inagonga meno yaleyale kila siku. Ndiyo sababu gari likigoma, ukalitia gia na kulisukuma kidogo tu, linawaka. Umeihamisha flaiwili kwenye meno mazima. Ukiweka stata mpya juu ya meno yaliyolika, baada ya muda utakuwa na bendeksi iliyolika pia.

Tuseme vipimo vyote vimefanyika na stata ndiyo yenye hatia. Sasa ifunguliwe, tena kwa utaratibu. Gari liwe kwenye nyutro, hendibreki juu, na lisishikiliwe na jeki peke yake. Weka magogo imara. Waya wa betri unaotangulia kutolewa ni ule ulioungwa na bodi, na ndio wa mwisho kurudishwa. Sababu yake ni kwamba ukianza na waya mwingine, spana yako ikagusa bodi, umeunganisha betri moja kwa moja na chesisi, na cheche zitakazoruka karibu na hewa inayotoka kwenye betri zinaweza kuilipua. Kwa sababu hiyohiyo, ule mtindo wa kuunganisha solenoidi kwa bisibisi ili kulishtua gari usifanywe karibu na betri, wala gari likiwa kwenye gia. Wapo waliogongwa na magari yao wenyewe namna hiyo.

Stata ikishatolewa na kuwekwa mezani, fundi hodari haulizi kwanza mpya inauzwa wapi. Anaifungua. Kaboni zikiwa fupi anaweka nyingine. Ile sehemu ya shaba inayosuguliwa na kaboni ikiwa nyeusi, anaisafisha kwa msasa laini. Anatikisa shafti, ikicheza anabadilisha bushi, na bushi ya shaba nyeusi anailoweka kwenye oili siku nzima kabla ya kuipachika. Nyaya zikiwa zimeungua, ipo kazi ya kusuka upya. Hizi stata za kale za Lucas zilitengenezwa zifunguliwe na zirudishwe kazini, na kwa gari linalofufuliwa, kuponya ile iliyokuja na gari ndiyo kazi bora kuliko zote.

Ikibidi kubadilisha, usinunue kwa sura. Linganisha meno ya bendeksi kwa idadi, linganisha matundu ya boliti, na ujue kama ni ya petroli au ya dizeli. Tena kuna mtego. Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 nyingi zilikuwa na upande chanya wa betri uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Stata ya zamani yenye koili haijali, inazunguka upande uleule. Lakini baadhi ya stata ndogo za kisasa zina sumaku za kudumu, na hizo ukizigeuzia umeme zitazunguka kinyume. Na stata hizo zenye sumaku usizigonge kwa nyundo. Sumaku inapasuka.

Msikilizaji, sasa rudi nami kwa yule mwenye gari na fundi wake. Tuseme fundi amelala chini ya gari saa nzima, amepima, amekuta utepe wa bodi umeoza, ameubadilisha kwa kipande cha waya mnene, gari limewaka. Anasema bei yake. Mwenye gari anashangaa: “Hujafunga kitu, nikulipe nini?” Akapewa hela ya soda. Wiki ileile fundi mwingine hakupima chochote. Alifungua stata nzima, akafunga nyingine, akaweka faida yake juu ya bei ya spea, na akalipwa bila neno. Je, kesho yule wa kwanza atapima tena? Tumemfundisha sisi wenyewe kwamba ujuzi hauna bei, spea ndiyo yenye bei. Basi naye atatuuzia spea.

Hospitali hatufanyi hivyo. Unalipia vipimo kwanza, majibu yakija kwamba huna ugonjwa hudai urudishiwe fedha. Unashukuru hukumeza dawa bure. Gereji nako tungefuata utaratibu huohuo tusingekuwa na rundo la stata nzima zilizotupwa nyuma ya nyumba.

Na nyinyi mafundi nina neno kwenu. Anayetaka kulipwa kwa kupima lazima apime kweli, na aonyeshe. Mwite mwenye gari, mwonyeshe mita, asome mwenyewe namba kabla na baada. Spea uliyotoa mpe aondoke nayo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazi mtaani, na fundi wa gereji ya chini ya mti hana sababu ya kuukwepa. Cheti hakitakufundisha kuisikiliza stata, hilo unalijua, lakini kitakupa nguvu ya kutaja bei ya kichwa chako.

Kwenu vijana mnaojifunza ufundi Korogwe na Handeni, magari ya leo mengi ni ya otomatiki, na gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Stata ikigoma, gari limelala hapohapo. Kwa hiyo kazi ya umeme wa magari haipungui, inaongezeka. Land Rover ya zamani ni darasa zuri la kuanzia, maana kila kitu kinaonekana kwa macho na kinafikiwa kwa spana.

Ndugu msikilizaji, mwenye gari, kuukuu au jipya, ombi langu kwako ni hili. Siku gari litakapogoma, usimuulize fundi bei ya stata. Muulize bei ya kupima. Akishakutajia, mlipe, hata kama jibu lake litakuwa kwamba stata yako ni nzima.